Kiongozi wa Tawi na Daftari la Shule

Kila darasa jipya linapofunguliwa katika nchi yetu, viongozi wa Chama wa mahali pale hawakosekani. Mwenyekiti wa tawi huwapo, Katibu wa Kata huwapo, na diwani huwapo, nao huwaambia wananchi kwamba hayo ndiyo matunda ya Ilani. Wasema kweli. Lakini mzazi ajapo kuuliza kwa nini mwanawe amerudishwa nyumbani kwa mchango ambao yeye hakuelezwa ni wa nini, viongozi wale wale humjibu kwamba mambo ya shule ni ya Serikali, basi na aende kwa mwalimu mkuu. Jawabu hilo halifai, na wanachama hawana sababu ya kulipokea.

Chama hakikuingia katika elimu kama mgeni. Mwaka 1955, mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa kwa TANU, wazazi waliunda jumuiya yao ya TAPA, nayo ikafungua shule mahali ambapo Serikali ya kikoloni haikuona haja ya kufungua. Jumuiya ya Wazazi tuliyo nayo leo ni mrithi wake. Tena ilikuwa ni Halmashauri Kuu ya TANU, iliyokutana Musoma mwezi Novemba 1974, ambayo ilikata shauri kuwa kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe darasani ifikapo 1977, ingawa mpango wa awali ulikuwa umeitaja 1989. Shauri kama lile lisingetimizwa na wizara peke yake. Lilitimizwa kwa sababu vijijini walikuwako viongozi waliojua ni nyumba ipi ina mtoto asiyesoma.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali mpaka kidato cha nne, na mpango huo ukaanza Januari 2016. Mwaka 2022 ada za kidato cha tano na cha sita nazo zikafutwa. Kati ya 2021 na 2022 zikajengwa zaidi ya vyumba 12,000 vya madarasa, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19. Na vyumba hivyo vilijengwa kwa kamati za mahali penyewe na mafundi wa karibu, yaani mbele ya macho ya viongozi tunaowazungumza. Kisha tarehe 27 Novemba 2024 ukafanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na Chama Cha Mapinduzi kikatangazwa kushika zaidi ya asilimia 98 ya viti vya wenyeviti wa vijiji na vitongoji. Vyama vingine viliulalamikia uchaguzi ule. Kwa habari tunayoijadili hapa, ushindi wa namna hiyo una maana moja: mambo ya shule yakiharibika kijijini, hapana chama kingine cha kutupiwa lawama.

Hatusemi kwamba mwenyekiti wa tawi aajiri walimu. Hana uwezo huo, na anayemdai hayo anamwonea. Wala si yeye apangaye kiasi cha ruzuku, ambacho mpango ulipoanza 2016 kilitajwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Kama kiasi hicho kinatosha au hakitoshi, hilo ni swali la Bunge na Hazina, na siku nyingine tutalijadili. Lakini yako mambo ambayo waziri aliyeko Dodoma hawezi kuyaona, na kiongozi wa tawi huyaona kila siku akiwa amekaa barazani kwake.

Tuanze na michango. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli aliikemea vikali na kuipiga marufuku mashuleni, baada ya wazazi kulalamika kwamba ada imeondoka kwa jina tu. Kisha ikafafanuliwa kuwa wananchi wapendao kuchangia kwa hiari yao wasizuiwe, ila mtoto asifukuzwe, na mwalimu asizishike fedha hizo. Wananchi wetu si wachoyo. Wamejenga zahanati na madarasa kwa mikono yao tangu zamani. Wanachokataa ni kutoa fedha pasipo kuambiwa zimekwenda wapi. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Ni viongozi wangapi wa matawi waliokwisha kusimama katika mkutano huo wakauliza habari ya mchango wa chakula cha shule? Na pale mkutano usipoitishwa mwaka mzima, ni tawi gani lililopeleka habari hiyo wilayani?

Lakini jambo linalotukera kupita yote ni la watoto wa kike. Tangu 2016 sheria ya elimu imeweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu ampaye mimba mwanafunzi, na imekataza kumwoa mwanafunzi. Mwezi Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba msichana aliyekatizwa masomo kwa sababu ya uzazi aruhusiwe kurudi katika shule ya kawaida. Sheria ipo na ruhusa ipo. Hata hivyo, kila mkaaji wa kijijini ajua namna mambo hayo yanavyomalizwa: wazee wa pande mbili hukutana usiku, ng'ombe au fedha hupita mkono kwa mkono, na shahidi husahau aliyoyaona. Funika kombe mwanaharamu apite. Mara nyingine anayesuluhisha ni kiongozi mwenyewe, tena akijiona mtu mwema aliyeepusha ugomvi kati ya nyumba mbili. Kwa kweli ameficha kosa la jinai, na amemwondoa mtoto wa watu darasani. Na mtoto yule akijifungua, hapana anayekwenda kumwambia kwamba mlango wa shule haukufungwa. Twauliza: ikiwa balozi wa shina hawezi kuifanya kazi hiyo, shina lake ni la nini?

Watasema wengine kwamba kumhoji kiongozi hadharani ni kukipaka Chama matope. Hoja hiyo hatuikubali. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi ujeuri na dharau mbele ya watu, nao uliandikwa na Chama chenyewe, si na wapinzani wake. Mwanachama anayeuliza katika kikao anakitumia Chama jinsi kilivyokusudiwa kutumiwa. Anayenyamaza kikaoni na kunung'unika kilabuni ndiye asiyekisaidia.

Lifanyike nini basi? Hatutaki kuundwa kamati mpya. Zilizoko zatosha, na nyingine hazijakutana. Twataka katika kila kikao cha Halmashauri Kuu ya Tawi daftari la mahudhurio la shule ya mahali pale lisomwe kwa hesabu tu, bila kutaja majina ya watoto: walioandikishwa ni wangapi, wanaohudhuria ni wangapi, walioacha ni wangapi, na kati ya hao wasichana ni wangapi. Kiongozi wa shina ambalo limepoteza mtoto aeleze alifanya nini. Hesabu hiyo ipelekwe kwenye kata, na kata iipeleke wilayani pamoja na taarifa ya utekelezaji wa Ilani, ambayo kwa desturi hujaa idadi ya majengo na kusahau idadi ya waliomo ndani yake.

Chama kilifanya uchaguzi wake wa ndani mwaka 2022, na kwa utaratibu wa miaka mitano zamu inayofuata ni 2027. Wanaotaka kurudi katika nafasi zao watakuja kuomba kura kwa wanachama wale wale ambao watoto wao wamo, au hawamo, katika daftari hilo. Makatibu wa wilaya wayaombe madaftari hayo mapema, kabla fomu hazijaanza kutolewa.