Aliyegongwa na treni akapona ni wa nani?

Na Tatu Mbwambo

Mwendesha baiskeli akigongwa na treni akafa, tunajulishwa hadi siku ya mazishi. Akipona, habari zake zinaishia kwenye geti la hospitali. Humsikii tena redioni wala gazetini, na hakuna ofisi inayouliza mwaka unaofuata kama anatembea, kama analala, kama wanawe bado wanasoma.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Leo inapita katikati ya watu: Buguruni, Karakata, Gongo la Mboto, kisha Morogoro, Dodoma, Tabora. Watu wanaivuka palipo na kivuko na pasipo na kivuko. Mtazame muuza mkaa anavyofika pale. Magunia yamesimama kwenye karia nyuma yake, hayamruhusu kugeuka vizuri. Akikatiza mshazari, tairi jembamba linazama kwenye mwanya kando ya chuma, baiskeli inanasa na mzigo unalala upande. Angeiacha akaruka, lakini mtaji wake wote uko pale, kwa hiyo anavuta. Treni likija limekuelekea huonekana kama linatambaa, kumbe liko kasi, na likiwa na mzigo linaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama. Dereva amebakiwa na honi tu.

Anayenusurika mara nyingi anaondoka na mguu uliokatwa, au kichwa kilichopigwa, au vyote viwili.

Tuanze na mguu, maana wengi tunadhani ukishapewa wa bandia mambo yamekwisha. Fundi hukizungushia kigutu bendeji ya plasta, akatia alama pale mifupa ilipotokeza, akatengeneza umbo lake, kisha akavuta juu yake plastiki iliyolainishwa kwenye oveni. Ikibana kidogo ngozi inachubuka na kidonda kinaanza. Ikilegea mtu anapepesuka. Na kigutu chenyewe hakitulii. Miezi ya kwanza kinanywea, hivyo mguu uliomkaa vizuri mwanzoni unapwaya kabla ya mwaka kuisha, inabidi arudi. Hata kigutu kikishatulia, mguu wenyewe huchakaa baada ya miaka michache. Kijana wa miaka 25 atahitaji mingi hadi uzeeni, na mtoto anayekua atabadilishiwa mara nyingi zaidi. Kila safari ya kurudi ina nauli, na ina siku ambayo hakuuza kitu.

Wakati huohuo mguu mzima unabeba uzito kwa ajili ya mwenzake, na miaka inavyokwenda goti na kiuno vinaanza kudai. Wengi pia huumwa na mguu usiokuwepo. Usiku vidole vilivyokwisha kuzikwa vinawaka moto. Hali hiyo si wazimu wala si mtu karogwa. Ni mishipa ya fahamu na ubongo, ina matibabu, na familia ingepaswa kuelezwa hivyo kabla mgonjwa hajaruhusiwa.

Kichwa ni kigumu zaidi kwa sababu kovu halionekani. Baba anasahau alichotumwa dukani, anafoka kwa jambo dogo, makelele ya watoto yanamshinda. Kifafa kinaweza kuanza miezi, hata miaka, baada ya ajali, wakati kila mtu ameshasahau treni. Mke anaona mume si yule. Majirani wanasema pombe. Kama anaishi kando ya reli, honi ileile inampitia kila siku.

Ujuzi tunao. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ipo, na katika hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, kinachosomesha hata wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kinachokosekana ni mtu mwenye jukumu la kumfuata majeruhi nyumbani. Nataka kitita cha bima kigharamie mguu bandia pamoja na matengenezo na ubadilishaji wake, na kila majeruhi wa reli atoke wodini na tarehe ya kurudi na jina la anayemfuatilia.

Najua jibu la wengine: alivuka pasiporuhusiwa. Huenda. Lakini kosa la sekunde tano halistahili adhabu ya miaka 40. Tena reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kubeba abiria 2024, imezungushiwa uzio na kujengewa njia za kupita juu na chini. Tunajua basi namna ya kumlinda anayevuka. Wanaoishi kando ya reli ya zamani nao wanastahili vivuko vyenye mageti na walinzi.

Nawe unayepakia mkaa, maziwa au nyanya: ukifika relini shuka, tazama pande zote mbili, kokota baiskeli ukatize kwa kunyooka. Ikinasa na treni linakuja, iache.