Kima wana matuta, mpanda baisikeli ana nini?

Hivi ni nani aliyetuambia kwamba baisikeli ni usafiri wa asiyejiweza? Nauliza kwa sababu nimechoka kuulizwa swali lile lile kila nikifika kazini na jasho: "Vipi, umefilisika?" Sijafilisika jamani. Mgeni akishuka uwanja wa ndege leo, kesho yake utamkuta Paje juu ya baisikeli ya kukodi, uso mwekundu kama nyanya, anacheka peke yake. Huyo tunamwita mtalii. Mimi nikipita njia hiyo hiyo natafutiwa mchango.

Wakati sisi tunaona haya, wenzetu wamefanya vumbi kuwa biashara. Siku hizi kuna baisikeli zinazotengenezwa makusudi kwa barabara za changarawe: usukani umepinda kama wa mashindano, lakini matairi ni mapana na yanastahamili mawe. Miji ya mabondeni kule kwenye milima ya Alps inajitangaza kwa njia zake za kokoto. Marekani, katika mji mdogo wa Emporia, Kansas, tangu mwaka 2006 watu wanakwenda kushindana maili 200 kwenye vumbi tupu. Mwaka 2022 yakafanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya baisikeli za aina hii, huko Italia.

Na msiseme hayo ni mambo ya wazungu. Mwaka 2021 Kenya walianzisha mashindano ya changarawe Maasai Mara, na mmoja wa waliousukuma mchezo huo ukanda huu alikuwa Sule Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Septemba 2025 Kigali ikapokea ubingwa wa dunia wa baisikeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Kigali, mji wa vilima ambao ukipanda mmoja unauona mwingine unakusubiri.

Sisi kisiwa chetu, sehemu yake ya juu kabisa haifiki hata mita 150. Mwenye mapafu ya kawaida anakizunguka.

Chukua njia ninayoipenda kuliko zote. Toka Darajani alfajiri kabla mji haujaamka, pita Malindi, Maruhubi, halafu Mtoni, kwenye magofu ya kasri alimozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Mpaka Bububu ni lami, na kwa saa ile utakuwa peke yako na gari mbili tatu za 502. (Mwanzoni mwa miaka ya 1900 palikuwa na treni kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu. Treni! Leo tukisema njia ya baisikeli tunaambiwa tunaota.) Bububu kata kulia, uanze kupanda kuelekea Kidichi, kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Hapo ndipo utamu unapoanza. Ukiiacha barabara kubwa unaingia njia za mashamba, udongo mwekundu, minazi huku, mikarafuu huku, na wakati wa mavuno karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu inakufuata mpaka Kizimbani. Kila mtu unayepishana naye anakusalimia. Ndani ya gari nani alikusalimia?

Ukitaka kwenda mbali zaidi, shika upande wa Dunga, kwenye magofu ya kasri ya Mwinyi Mkuu, kisha zama ndani kwenye vijiji vya Uzini na Bambi, au teremkia mabonde ya mpunga ya Cheju. Ila tuelewane: masika usijaribu. Udongo wa bondeni ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na utaibeba baisikeli badala ya yenyewe kukubeba wewe. Huku magharibi ni udongo, mashariki ni mawe. Yale mawe ya matumbawe ni makali kama wembe, kwa hiyo beba kiraka, gundi na pampu, na usione haya kumuuliza fundi chini ya mwembe. Yule mzee wa Phoenix anajua mambo ya spoki ambayo video za kwenye mtandao hazijui.

Na mashariki kuna njia moja ambayo serikali haijatumia hata shilingi: pwani yenyewe. Maji yakishakupwa vizuri, hasa siku za bamvua, mchanga wa Jambiani, Paje na Bwejuu unakuwa mgumu kama sakafu. Wenyeji wameupita miaka na miaka, wavuvi, wanafunzi wa skuli, kina mama wa mwani, mabuibui yanapepea. Unachohitaji ni kujua saa ya maji kujaa. Na ukirudi nyumbani ioshe baisikeli kwa maji baridi, chumvi haina urafiki na mnyororo.

Sasa nije kwenye kinachonikera khasa. Njia zote hizi tamu, kuzifikia kutoka mjini ni roho mkononi. Pita Mwanakwerekwe saa kumi na moja jioni uone. Lami ni nyembamba, pembeni yake kuna shimo au mtaro, na daladala inakupigia honi utafikiri umelala kitandani kwake. Mimi ninayepanda kwa raha naweza kuacha nikapanda gari. Je, yule mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe mkubwa kuliko yeye? Je, mchuuzi na tenga lake la samaki, anayewahi kabla jua halijamharibia biashara? Hao wanaishi juu ya baisikeli, na kila barabara inapotanuliwa magari yanazidi kasi na wao wanazidi kusogezwa kwenye mtaro.

Kuna watakaosema napinga maendeleo. Sipingi lami. Mama mjamzito wa Umbuji ana haki ya kufika hospitali bila kurushwarushwa. Ninachopinga ni lami inayochorwa kana kwamba kisiwa kizima kina gari.

Tena dawa tunaijua, tumeshaitumia. Barabara inayopita Jozani ilipotiwa lami miaka ya 1990, magari yakaanza kuwaua kima punju, mnyama ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Watu wakapiga kelele, yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Nawapenda kima, Mungu anajua, na matuta yale yabaki. Lakini ukishayavuka tu, dereva anakanyaga mafuta, na mbele yake kuna mzee na baisikeli yake anarudi shamba. Huyo hana tuta, hana mstari, hana hata kibao cha kumwambia dereva kwamba yupo.

Naomba mambo mawili tu. La kwanza, kila barabara mpya ya Unguja iwe na mita moja na nusu ya lami kila upande, iliyotengwa kwa mstari, tangu siku ya kwanza kwenye mchoro. Ukisubiri barabara iishe ndipo uidai, utaambiwa bajeti imefungwa. La pili, njia za miguu na baisikeli zinazounganisha vijiji zichorwe kwenye ramani za ardhi kama njia halali. Hili ni la haraka kuliko la kwanza. Kiwanja kinauzwa, ukuta unapanda, na njia waliyopita mababu kwenda kisimani au pwani inaishia kwenye tofali. Ukiuliza unaambiwa kwani ilikuwa na hati?

Masheha wanazijua njia hizi moja moja, kwa majina. Kalamu, karatasi na wiki mbili za kutembea nao zinatosha kuanzia. Mimi kwa upande wangu nimeanza na za Kidichi.