Miezi Saba Isiyo na Mwalimu: Nani Anamwandaa Mwanafunzi wa Biolojia?

Mwanafunzi wa Tanzania humaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Matokeo hutoka Januari, majina ya waliochaguliwa kuendelea hutangazwa karibu na katikati ya mwaka, na Julai ndipo anapofunga tranka kwenda kidato cha tano. Hapo katikati pana miezi saba hivi ambayo si mwanafunzi wa shule yoyote. Ile ya zamani imeshamfuta katika daftari la mahudhurio, mpya haijui hata kama yupo. Kwa wanaolenga tahasusi za PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), pengo hilo limejazwa na twisheni za pre-form five. Karibu kila mji una mabango yake, na mzazi mwenye uwezo hulipa bila kuuliza sana, kwa hofu kwamba mtoto akikaa nyumbani atasahau hata alichokuwa anakijua.

Hofu hiyo ina msingi, na wanaozibeza twisheni hizi mara nyingi hawajautazama mtihani wenyewe. Chukua alama 45. Kidato cha nne alama hiyo ni C, yaani krediti inayomfungulia mtoto mlango wa kuendelea. Kidato cha sita alama hiyohiyo ni E. Aliyepata 34 kidato cha nne ana D mkononi. Miaka miwili baadaye 34 ni F. Kipimo kinabanwa wakati ambapo somo nalo linazidi kuwa zito, na muda hautoshi: anaanza Julai, anafanya mtihani wa taifa Mei ya mwaka wa pili baada ya huo. Ukitoa likizo na mitihani ya majaribio, hata miaka miwili haitimii.

Kwa hiyo maandalizi yanahitajika. Ninachokipinga ni kile kinachofanywa kwa jina la maandalizi. Katika madarasa mengi ya namna hii mwalimu husimama na kusoma maelezo ya sitolojia, mada inayofungua somo kidato cha tano, nao vijana huandika kwa kasi hadi daftari lijae. Jioni hununua madesa yaliyotolewa kopi, hukariri sehemu za seli na kazi zake, na Julai hufika shuleni wakiamini wametangulia. Kwa wiki chache huonekana hivyo kweli, kwa sababu wanamalizia sentensi za mwalimu kabla hajazisema. Kisha linakuja swali lisilotaka kutajiwa kitu, linalotaka sababu, na hapo daftari lile halisaidii.

Mfano ulio karibu nasi ni ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya Afrika Mashariki. Yalionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo maana jeni inayoua inaendelea kuwapo kwa wingi mahali penye malaria nyingi. Mwanafunzi wa kidato cha nne akijua kwamba wazazi wawili wenye jeni moja kila mmoja wana uwezekano wa robo, katika kila uzazi, wa kumpata mtoto mgonjwa, amefanya vizuri. Kidato cha sita anaulizwa zaidi. Tuseme katika jamii fulani mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na ugonjwa huo: ni wangapi wanaobeba jeni bila kuugua? Lazima atafute kipeuo cha pili cha 0.01, apate 0.1, aitoe kwenye 1 ibaki 0.9, kisha azidishe 2 kwa 0.9 kwa 0.1, afike kwenye 0.18, yaani watu 18 kati ya 100. Halafu aeleze nini kingetokea kwa idadi hiyo kama malaria ingetokomezwa. Hapo pana hesabu, pana mageuko, pana ikolojia, na pana maisha ya ndugu zetu. Aliyekariri maana ya jeni peke yake hawezi kufika huko, hata kama ana madesa ya juzuu tatu.

Kinachomwandaa mtoto kwa swali la aina hiyo si kumaliza mada za kidato cha tano kabla ya Julai. Anahitaji kurudia Kemia yake ya kidato cha nne, maana bila kuelewa tindikali, besi na myeyusho hataelewa vimeng'enya wala upumuaji wa seli. Anahitaji kuchora kwa penseli, kwa kipimo, kitu anachokiona mbele yake. Anahitaji kusoma kurasa tano za kitabu chenyewe, si muhtasari, kisha aeleze kwa maneno yake. Hili la mwisho ni gumu kuliko mengine, kwa kuwa somo linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na vijana wengi wanaoelewa jambo vizuri kwa Kiswahili hukwama wanapoliandika. Ningemshauri kila mmoja alieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa mdogo wake au kwa mama jikoni, mpaka aeleweke. Baada ya hapo Kiingereza kina kitu cha kubeba.

Baraza la Mitihani lenyewe limetoa msaada ambao sioni ukitumiwa inavyostahili. Huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya, nazo hupatikana bure mtandaoni. Malalamiko yanayojirudia humo ni kwamba watahiniwa hawakutambua swali linataka nini, au walishindwa kujieleza. Jumamosi moja ya kusoma taarifa hiyo pamoja na pasti pepa yake ina faida kuliko wiki nzima ya kuandikishwa.

Sehemu ambayo kijana hawezi kuifanya peke yake ni praktikali. Mtihani wa kidato cha sita una karatasi nzima ya vitendo: unaweza kukutaka upasue panya au chura, ukunjue mfumo wa mmeng'enyo bila kuuchana, au upime protini na sukari katika myeyusho usioujua. Mikono inayotetemeka hupoteza alama ambazo kichwa kilishazipata. Twisheni nyingi hazina maabara, kwa hiyo hufundisha upasuaji kwa ubao. Wakati huohuo, agizo la Rais Jakaya Kikwete lililopamba moto mwaka 2014 lilitaka kila shule ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia. Wananchi walichangishwa kwa ajili yake. Majengo yaliyokamilika na kupata vifaa hufungwa kila Jumamosi.

Mwaka 2022 serikali iliondoa ada ya kidato cha tano na sita, hatua kubwa kwa familia maskini. Lakini tofauti ya kipato imehamia kwenye miezi hii saba, kabla hata ya kengele ya kwanza kulia. Binti wa mkulima aliyepata B ya Biolojia kwa juhudi zake anaingia darasa moja na mwenzake aliyelipiwa nusu mwaka, na mwalimu mwenye haraka ya silabasi hudhani wote wameshaisikia sitolojia. Huyo binti hudhani yeye ndiye mzito, naye hukimbilia tahasusi nyingine. Nchi inayohitaji wauguzi, wafamasia na madaktari wa mifugo haipaswi kumpoteza kwa namna hiyo.

Ningependa halmashauri zifungue maabara za shule mbili tatu kila wilaya, Jumamosi kuanzia Februari hadi Mei, chini ya mwalimu mmoja wa Biolojia na fundi sanifu wa maabara, nao walipwe posho. Fomu ya kujiunga, ile inayokuja Juni na orodha ya godoro, rimu ya karatasi na koti la maabara, iwe na ukurasa wa Biolojia, nao utolewe mapema, mara tu matokeo yanapotangazwa: sura za kusoma, michoro ya kufanya, na maswali machache kama lile la selimundu, ambayo mwalimu wa kidato cha tano ataanza nayo siku ya kwanza darasani.