Kanga, haya na jina lililo mgongoni



Ndugu Waislamu, Ijumaa moja baada ya sala mjini Njombe tulijiwa na mawifi wawili walionuniana. Mmoja alihudhuria walima akiwa amejitanda kanga yenye kijembe. Mwenziwe akalisoma jina, akaamini kuwa amelengwa yeye. Salamu ikakatika, na watoto wakazuiwa kutembeleana. Aliyeivaa aliapa kwamba alipenda rangi tu, jina hakulisoma.

Tulisikitika, kwa sababu vazi hili asili yake ni heshima. Huko Unguja katika karne ya 19, wanawake waliokuwa utumwani walivaa merikani na kaniki, wakiwa vichwa wazi. Utumwa ulipopigwa marufuku visiwani mwaka 1897, wengi wao walishika kanga, kwani doti ni vipande viwili: kimoja cha kujifunga, cha pili cha kujitanda kichwani na mabegani. Viwanda vya Uingereza, Uholanzi na India havikujua haya ni nini. Wafanyabiashara wa pwani ndio waliopeleka vielelezo, na viwanda vikachapa kile ambacho mama zetu walikubali kununua. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake ziliandikwa "Mali ya Abdulla", alijulikana sana kwa kanga zenye majina. Baadaye nchi yetu nayo ikachapa kanga katika kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Basi pindo, mji na jina ni majibu ya kiwanda kwa mnunuzi. Kijembe kikichapwa kwa wingi, ni kwa sababu sisi tumekinunua kwa wingi. Nasi tunasoma katika Suratul Hujurat, aya ya 11, makatazo ya kudharauliana, kutiana aibu na kuitana majina mabaya, na humo wanawake wametajwa mahsusi. Je, dharau ikiandikwa kwenye kitambaa inakuwa halali?

Kuhusu sala, Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alisali na vazi lenye nakshi, jicho lake likazitazama. Alipomaliza aliagiza lirudishwe kwa Abu Jahm, na aletewe vazi lake lisilo na nakshi. Wanavyuoni wameeleza kuwa aliomba hilo jingine ili Abu Jahm asivunjike moyo kwa kurudishiwa zawadi. Hakuliita haramu. Kwa hiyo aliyesali na kanga ya maua au ya maneno, sala yake ni sahihi madhali imesitiri na haionyeshi rangi ya ngozi. Lakini kinachoshughulisha moyo, wake au wa aliye safu ya nyuma yake, ni bora kiachwe. (Kwa wepesi wa kitambaa, baridi ya Juni na Julai huku kwetu imetufanyia nusu ya kazi ya mawaidha!)

Tulipopita Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya, tulimwuliza mwenye duka la nguo kwa nini vijembe vimejaa rafuni. Akajibu bila kuona haya: "Sheikh, mimi nachukua Kariakoo kinachotoka. Kina mama wakiacha kununua, nami naacha kuleta." Akatuonyesha daftari lake, ambamo huandika kila jina lililolala dukani, ili asilichukue tena safari ijayo.

Wale mawifi tuliwapatanisha. Ile kanga imekatwa, sasa ni mbeleko ya mtoto, na jina limeangukia upande wa ndani.