Abiria Asiyefika Stendi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na maji safi. Mwezi huu tunazungumza juu ya gari la abiria, kwa sababu sisi wauguzi tunaona kila siku kwamba dawa iliyoko kabatini haimsaidii mgonjwa aliyekosa usafiri.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mjamzito aliyepata matatizo huponzwa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. La kwanza tunawafundisha akina mama kliniki, pamoja na waume zao wanapokubali kuja. La tatu ni letu sisi, na mna haki ya kutudai. La pili liko mikononi mwa wanaopanga barabara, njia za magari na nauli. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa 2 tu. Hawezi kungoja gari la kesho alfajiri.

Je, mipango ya usafiri humfikiria nani? Kwa kawaida huhesabiwa magari yanayopita na abiria waliopo stendi. Penye watu wengi magari huongezwa na lami humwagwa. Inaonekana ni haki, lakini hesabu hiyo humjua aliyesafiri tu. Bibi mwenye shinikizo la damu aliyekosa nauli hayumo. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa kwa sababu ya umbali hayumo. Kijiji kisicho na gari huonekana hakina abiria, na kwa kuwa hakina abiria, hakipelekewi gari.

Huko Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Sakafu ya vituo vyake ilijengwa kulingana na mlango wa basi, ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Tunasifu jambo hilo, ingawa msukumano wa asubuhi humshinda hata mwenye miguu mizima. Huku vijijini mlemavu hubebwa mgongoni hadi ndani ya Hiace, na wapo makonda wanaotoza kiti chake kama gunia la mahindi.

Magari yetu hufuata mnada. Siku ya mnada yapo tele; siku nyingine imebaki bodaboda, na mama mwenye uchungu hakai salama juu ya pikipiki. Masika, daraja likisombwa, hata hiyo haipiti.

Hatusemi mwenye gari afanye kazi kwa hasara. Ana deni, na springi zinavunjika. Lakini leseni za njia hutolewa na Serikali, kupitia LATRA tangu mwaka 2019. Anayepewa njia yenye faida apewe na sharti la kupeleka gari siku chache za wiki kwenye kata isiyo na usafiri. Nasi wa hospitali na zahanati tuweke kliniki za kisukari na shinikizo la damu siku ya mnada, magari yanapokuwepo.

Mwaka 2022 Serikali ilianza kueneza nchini mpango wa m-mama, ambao hutumia pia madereva wa kawaida kumwahisha mama au mtoto mchanga mwenye dharura. Nambari yake ni 115, haina malipo, iandikeni ukutani. Mpango huo haumchukui mzee anayefuata dawa zake za mwezi. Kwa ajili yake, akina mama na wazee, semeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mtendaji aandike majina ya walioshindwa kufika kliniki kwa kukosa usafiri, na orodha hiyo iende halmashauri pamoja na maombi ya barabara.