Vazi la bei si dhambi, mradi mvaaji alipe mwenyewe

Mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, hakosi mwalimu au muuguzi wa Machakos anayepanda matatu hadi Nairobi kununua gauni au viatu vya ngozi vya bei ambayo hataitaja nyumbani. Kabla hajafika mlangoni, lebo imeshang'olewa. Akiulizwa, ni mtumba tu, alibahatisha. Raha anayo, lakini anaila kwa kujificha.

Aibu hiyo haistahili.

Ukambani watu hawakuanza jana kupenda nguo njema za kutoka mbali. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba, ile ya Kivoi wa Kitui ikiwa miongoni mwa mashuhuri, ilishusha pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na shanga, nyaya za shaba na vitambaa. Miongoni mwa vitambaa vilivyouzwa bara enzi hizo ni merikani, pamba iliyofumwa Marekani na kupitia Unguja. Ilivaliwa, na pia ilitumika kama fedha.

Leo mkondo umegeuka. Athi River, ndani ya Kaunti ya Machakos, ndiko liliko eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, lililotokana na sheria ya 1990. Tangu Marekani ipitishe sheria ya AGOA mwaka 2000 na kufungulia nguo za Afrika soko lisilo na ushuru, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wameshona huko nguo za chapa za ng'ambo, Calvin Klein na Tommy Hilfiger zikiwemo. Nguo hupakiwa kwenye makontena na kwenda zake. Mshonaji akiitamani chapa ile ile aliyoipitisha kwenye cherehani, tegemeo lake kubwa ni robota la mitumba. Na akiwahi asubuhi, huenda akapata kamera, kama wachuuzi wanavyoviita vipande vya daraja la kwanza.

Wapo watakaouliza: katika kaunti ambako mvua ikikosa tu mahindi hukauka, mtu anapata wapi ujasiri wa kuvaa karo ya muhula mzima? Swali ni la haki, ila halipaswi kuishia kwenye bei. Linapaswa kufika kwa anayelipa. Koti zuri lililonunuliwa kwa akiba, likavaliwa miaka kumi, halimdhulumu mtu. Koti hilo hilo likinunuliwa kwa Fuliza, huduma ya mkopo wa papo hapo iliyoanza 2019, linalipwa na watoto: ada inarundikana kila siku, na pesa ya unga inakatwa simuni kabla haijaguswa.

Ubaya unazidi pale anayelipa ni umma. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, hasira yao haikutokana na kodi peke yake. Mitandaoni walikuwa wakianika saa, viatu na mikanda ya wanasiasa na kuuliza bei yake. Vijana hao walikuwa sahihi. Mshahara wa mtumishi wa umma unajulikana, na mavazi yake yanaonekana. Hesabu isipolingana, mwananchi ana kila haki ya kudai maelezo.

Kuna anayelipa mwingine, na huyu hasemwi kabisa: fundi. Mnunuzi yule yule aliyetoa maelfu dukani Nairobi bila kuomba apunguziwe hata shilingi, akifika kwa fundi wa cherehani mjini Machakos anabishania mia mbili. Fundi amempima, amemkatia, amemshonea nguo inayomkaa yeye peke yake. Duniani kote, kushonewa kwa kipimo chako ndiyo anasa ya juu kabisa. Machakos ipo, na inadharauliwa.

Basi mwenye jasho lake anunue vazi zuri na aingie nalo nyumbani mchana, bila kung'oa lebo. Anunue taslimu. Na safari ijayo, kabla ya kupanda matatu ya Nairobi, apite kwa fundi wa mtaani, achague kitambaa cha maana, na alipe bei atakayotajiwa.