Sauti Tamu Si Kitambulisho

Kama unapenda mashindano ya kuimba kwenye runinga, bila shaka unakijua kile kiti chekundu. Kocha ameketi, jukwaa likiwa nyuma yake. Haoni kama mwimbaji ni mzee au kijana, kama amevaa suti au kandambili. Anasikia sauti tu. Ikimgusa, anabonyeza kitufe, kiti kinazunguka na ukumbi mzima unalipuka kwa shangwe. Wimbo ukiisha kabla hajabonyeza, nafasi imempita.

Mashindano hayo ni The Voice. Yalianza Uholanzi mwaka 2010, na mwaka uliofuata yakaingia Marekani, makocha wakiwa Christina Aguilera, CeeLo Green, Adam Levine na Blake Shelton. Mwaka 2023 likaja toleo la Afrika, na Lady Jaydee wa Tanzania akakalia kimojawapo cha viti hivyo. Kwetu Kenya tulizoea mtindo tofauti. Kwenye Tusker Project Fame, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo Valerie Kimani aliibuka mshindi wa kwanza, majaji walimtazama mshiriki usoni. Ian Mbugua akikukazia macho, ulijua leo kuna maneno.

Sisi tunaupenda huu mtindo wa kiti. Una haki ndani yake. Sura, mavazi na mtaa unaotoka vinawekwa kando, kipaji kinapewa nafasi. Lakini tuna neno moja kwa wateja wetu: kiti hicho kiishie kwenye runinga. Kisiingie kwenye simu yako.

Fikiria kidogo. Namba usiyoijua inapokupigia, wewe ndiye kocha. Humwoni anayeongea. Hujui yuko wapi wala amekaa na nani. Una sauti tu, na kidole chako kiko karibu na kitufe. Naye anayepiga anajua hivyo, ndiyo maana amefanya mazoezi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sauti inayokugusa moyo kwa dakika mbili, mara nyingi imeundwa pia.

Wacha tuwape kisa chetu wenyewe. Mwenzetu mmoja hapa ofisini, tena mtu ambaye kazi yake ni kuandika maonyo kama haya, alipata SMS jioni moja akiwa kwenye matatu. Ilisema amepokea shilingi 4,200. Kabla hajamaliza kuisoma, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mama mzee, inatetemeka. "Mwanangu, nimekosea namba moja tu. Hizo ni za dawa ya mzee, nakuomba." Mwenzetu akatuma papo hapo, na hata akaongezea ya kutolea. Alipoangalia salio, ndipo akagundua hakuna senti iliyoingia. Ile SMS ilitoka kwa namba ya kawaida ya simu, tena imeandikwa ifanane na ya kampuni.

Kilichotuuma zaidi si zile shilingi 4,200. Ni kwamba alinyamaza siku mbili kabla ya kutuambia. Aliona aibu. Aliogopa tutamcheka.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema, "Ukitapeliwa, ni tamaa yako." Mwenzetu hakuwa na tamaa. Alikuwa anarudisha pesa aliyoamini si yake. Watu wengi wanaonaswa kwa njia hii wananaswa kwa wema wao, kwa sababu wamelelewa kuitikia mama akilia. Tukiwacheka, tunawasaidia matapeli. Mtu anayeona aibu hapigi ripoti mapema, na kila dakika inayopita, pesa inatolewa kwa wakala na laini inatupwa.

Kuna jambo jingine ambalo runinga haikuonyeshi vizuri. Yule kocha anaweza kuiamini sauti kwa sababu kazi kubwa imeshafanywa na wengine. Kabla mwimbaji hajafika mbele ya kile kiti, watayarishaji wa kipindi wameshamsikiliza na kumchuja. Na kocha akikosea, anapoteza nafasi moja tu kwenye timu yake. Kwenye simu yako hakuna aliyemchuja anayepiga. Na ukikosea, imeenda karo, kodi ya nyumba au stoki ya kibanda.

Mambo yamekuwa magumu zaidi siku hizi, kwa maana kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu unayemjua. Kwa hivyo hata "Mum, simu yangu imeharibika, nitumie kwa hii namba" si ushahidi tena kwamba huyo ni mwanao.

Basi ufanye nini? Kwanza, usiamini SMS kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe kwenye menyu. Kama pesa imeingia kweli kimakosa, usiitumie na pia usiirudishe kwa namba unayosomewa. Mwambie aliyetuma awasiliane na kampuni, irudishwe kwa njia rasmi. Mtu aliyekosea kweli atakuelewa. Tapeli atakasirika.

Pili, sauti ikiwa ya ndugu, kata simu, kisha upige ile namba uliyoihifadhi siku zote. Isipopatikana, mpigie mtu mwingine wa familia. Dakika tano za kuthibitisha hazijavunja undugu wa mtu.

Tatu, namba yako ya siri ni yako peke yako. Nasi hatutakupigia kuiuliza, hata anayepiga awe na sauti nzuri na adabu kama mtu wa huduma kwa wateja. Akikwambia, "Harakisha, laini inafungwa sasa hivi," jua ni ule mchezo wa wimbo unaokaribia kuisha. Anataka ubonyeze kabla hujafikiri.

Na ikishatokea, usikae na aibu. Piga ripoti dakika hiyo hiyo, halafu uwaambie wenzako kwenye chama, kanisani, msikitini, popote. Mwenzetu sasa anasimulia kisa chake kwa kila mfanyakazi mpya anayejiunga nasi, na hakuna anayecheka.

Jumapili jioni, kaa na familia yako, washangilieni waimbaji na mbishane kuhusu kocha gani alichelewa kubonyeza. Raha ya mashindano ni hiyo. Lakini simu ikilia katikati ya kipindi na sauti tamu ianze kukuomba pesa, kumbuka kwamba hata simu yako ina kitufe chekundu. Hicho ni cha kukata.